Kabla ya Kuchimba Msingi: Somo la Kuandaa Mhadhara wa Wazi Kuhusu Majengo



Katika kazi za miradi ya dayosisi tumezoea kuzindua majengo: madarasa ya chekechea, zahanati, nyumba za watumishi, kumbi. Tunakata utepe, tunapiga picha, tunaandika taarifa. Tunaporudi baada ya miaka miwili au mitatu tunakuta majengo ya aina mbili. Lipo lile lenye watu tangu asubuhi, hata siku ambayo hakuna ratiba yoyote. Na lipo lile lililofungwa kwa kufuli. Ufunguo uko kwa mhazini, na mhazini yuko shambani. Fedha zilizotumika pengine zinalingana, saruji ni ile ile, na fundi ni yule yule. Tofauti yake haionekani kwenye taarifa zetu, kwa sababu fomu zinauliza mita za mraba na idadi ya mabati. Haziulizi watu wanakaa wapi.

Somo la toleo hili linahusu tofauti hiyo, pamoja na njia moja tuliyoitumia katika usharika mmoja wa dayosisi yetu uliokuwa unajiandaa kujenga ukumbi. Tulimwalika mbunifu majengo azungumze mbele ya watu wote, waumini na wasio waumini, kabla jembe halijagusa ardhi.

Hali haikuwa nyepesi. Fungu la kwanza la fedha kutoka usharika rafiki wa ng'ambo lilikuwa limeshaingia benki, na sharti lake lilikuwa litumike kabla ya mwaka kwisha. Ramani ilikuwepo, imeazimwa kutoka usharika mwingine ambako jengo kama hilo lilisimama vizuri. Baadhi ya wazee waliona kwamba kukaa tena na kuzungumza ni kuchezea fedha za watu. Mzee mmoja alituuliza kikaoni: "Ndugu mratibu, hivi tofali nalo linahitaji semina?" Swali lake lilikuwa la haki, na sehemu kubwa ya somo hili ni jitihada ya kulijibu.

Baraza ni kiti kwanza

Tuanze na neno tunalolitumia kila wiki. Tunasema baraza la wazee. Serikali nayo ina Baraza la Mawaziri. Lakini kwa watu wa Lamu, Unguja na miji mingine ya kale ya pwani, baraza ni kitu cha kukalia: kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa mtaani. Jioni mwenye nyumba hukaa pale. Jirani akipita hukaribishwa, kahawa ikaletwa, habari za mji zikazungumzwa na ugomvi ukasuluhishwa. Mgeni halazimiki kuingia ndani kwenye faragha ya watu, wala hasimami juani kama mdai. Neno moja linataja mahali na pia watu wanaokaa hapo kushauriana.

Tazameni jinsi kitu hicho kilivyo kidogo. Hakina mlango, hakina kufuli, hakina mlinzi. Kinachokiwezesha kufanya kazi ni kwamba kipo njiani, kina kivuli saa ambazo watu wanakihitaji, na ingawa ni mali ya mwenye nyumba, anayepita haandiki barua kuomba nafasi. Ukiondoa hata kimoja kati ya hivyo, unabaki na jiwe tu.

Mmarekani mmoja, William H. Whyte, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza viwanja vya wazi mbele ya maghorofa ya New York. Vingine vilijaa watu na vingine vilibaki vitupu, na yeye na wenzake walipiga filamu wakihesabu nani anakaa wapi. Mwaka 1980 alichapisha matokeo yake, na hoja iliyojulikana zaidi ni kwamba watu hukaa zaidi pale penye mahali pa kukaa. Bibi zetu wa pwani wangeweza kumwambia hilo bila kamera. Hata hivyo tunamshukuru, maana wapo wahisani wanaoamini jambo likishahesabiwa.

Mifano tuliyoonyeshwa

Mzungumzaji wetu, dada mbunifu majengo aliyekubali kulipwa nauli na malazi tu, alianza na jengo ambalo wengi wetu tumewahi kuingia tukiwa na haraka na mzigo: Soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusomea usanifu majengo, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limeundwa kwa vipande vinavyofanana na miavuli mikubwa iliyogeuzwa, ili soko lipate kivuli na hewa, na maji ya mvua yakusanywe. Mwaka 2021, mwezi Julai, soko hilo liliungua, na nchi nzima ilisikitika kama aliyefiwa. Watu hawaliliagi ghala namna ile. Waliomboleza mahali pao.

Kutoka hapo alitupeleka Afrika Magharibi, na huko ndiko alikokaa muda mrefu zaidi. Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule, kwa hiyo alipelekwa akiwa mtoto katika mji wa Tenkodogo. Baadaye alienda Ujerumani kwa mafunzo ya useremala, kisha akasomea usanifu majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alianza kuchangisha fedha ili kijiji chake kipate shule ya msingi. Shule hiyo ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka 2022 Kéré mwenyewe akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wabunifu majengo ni heshima ya juu kabisa.

Tuzo si somo letu. Somo ni kilichotokea kabla ya msingi. Kéré alitaka kujenga kwa udongo, maana ndio uliopo Gando na hauhitaji kununuliwa. Wanakijiji walikataa, na kukataa kwao hakukuwa ujinga. Waliujua udongo kuliko yeye: kila msimu wa mvua walizitengeneza upya kuta zilizoyeyuka. Iweje kijana aliyesoma Ulaya awarudishie kitu wanachotaka kukiacha? Ilibidi awaeleze na kuwaonyesha kwa majaribio kwamba udongo ukichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kufunikwa na paa lenye uvungu mpana, mvua haiuvunji. Waliposhawishika walijenga wenyewe. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walibeba maji na kuitwanga sakafu hadi ikawa laini, vijana walijifunza kufyatua matofali na kuunga vyuma.

Jambo la paa lilitugusa kwa namna ya pekee, kwa sababu sisi sote tumefundisha au tumefundishwa chini ya bati tupu. Saa saba mchana watoto wanasinzia kwa joto. Mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza, anasubiri. Pale Gando dari ya udongo iko peke yake, na bati limeinuliwa juu yake kwa fremu za nondo nyembamba zilizounganishwa hapo hapo kijijini. Hewa ya moto inatoka kupitia matundu ya dari na kupeperushwa katika nafasi iliyo kati ya dari na bati. Hakuna feni, hakuna umeme. Fundi wetu mmoja alisimama akaomba picha hiyo irudishwe, akaitazama kwa karibu, akasema nondo hizo anazo nyumbani.

Mfano wa Rwanda ulikuwa mfupi. Hospitali ya Butaro, wilayani Burera, ilifunguliwa mwaka 2011. Kuta zake ni za mawe ya volkano ambayo wakulima wa eneo lile waliyaona kuwa kero mashambani. Waashi wa pale pale waliyachonga na kuyapanga kwa ustadi ambao baadaye uliwapatia kazi kwingine. Njia za kupita wagonjwa ziliwekwa nje, chini ya paa, ili wenye kifua kikuu wasibanane katika korido isiyo na hewa. Vitanda vilielekezwa madirishani, mgonjwa aone milima.

Kisha mzungumzaji akatoa picha ya shule iliyoelea majini Makoko, Lagos, nchini Nigeria. Ilijengwa mwaka 2013 kwa mbao juu ya mapipa ya plastiki, na picha zake zilizunguka dunia nzima. Juni 2016 iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tulimshukuru kwa kuiweka hiyo, maana mihadhara mingi huonyesha ushindi tu. Jengo linaweza kusifiwa sana na bado likahitaji mtu wa kukaza kamba zake kila mwezi, na mtu huyo lazima awe amepangiwa kazi hiyo na fungu lake.

Namna tulivyouandaa

Sasa tueleze maandalizi, kwa ajili ya kamati zitakazopenda kufanya kama hivyo.

Neno lenyewe kwanza. Katika maeneo mengi, ukibandika tangazo la "mhadhara" chini ya jina la kanisa, majirani wanaelewa kwamba kuna mashindano ya dini, biblia huku na kurani kule. Kwa hiyo kwenye bango tuliandika "Mazungumzo ya wazi kuhusu majengo yetu", na mwaliko ukapelekwa kwa mkono kwa mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, imamu wa msikiti wa jirani, mama lishe wa sokoni, waashi, na viongozi wa kijiwe cha bodaboda. Tuliepuka kukutana kanisani. Tulitumia uwanja wa shule ya msingi, chini ya miti, Jumamosi alasiri soko linapofungwa.

Picha tulizichapisha kubwa kwenye karatasi ngumu, tukazitundika kwenye kamba. Tungeweza kuazima projekta, lakini alasiri nje huoni kitu, na umeme tunaujua wenyewe. Picha ya karatasi ina faida nyingine: mtu anaisogelea, anaigusa, anamwita mwenzake.

Hapakuwa na meza kuu. Hili lilizua mjadala mrefu kuliko yote katika maandalizi, kwani kwetu shughuli bila meza kuu yenye kitambaa na maua ni kama harusi bila bwana harusi. Tuliwaomba viongozi kwa heshima wakae katika nusu duara pamoja na wengine, viti vya mbele wapewe wazee na kina mama wenye watoto. Utambulisho wa wageni tuliufanya kwa pamoja, dakika tano. Mnajua unavyoweza kula saa nzima.

Mzungumzaji alipewa dakika thelathini. Baada ya hapo hatukufungua maswali moja kwa moja, maana kipaza sauti kikitolewa ghafla wanaosema ni mwalimu, mzee wa kanisa na mgombea wa udiwani. Tuliwaomba watu wageukiane watatu watatu, wajibizane swali moja: Ni wapi hapa kijijini unapokaa na mtu ambaye si ndugu yako, na kwa nini pale? Majibu yalikuwa ya ajabu. Hakuna aliyetaja jengo la kanisa, wala ofisi ya kijiji. Walitaja bomba la maji, mashine ya kusaga, kibaraza cha duka moja, na mwarobaini ulio kwenye kiwanja kile kile ambacho ukumbi ulikuwa ujengwe. Kwa ramani iliyokuwepo, mti huo ulikuwa ukatwe.

Chokaa ardhini

Kazi kubwa ilikuja baadaye. Mbunifu alikuwa ameomba mfuko wa chokaa, kamba na mambo. Tulitembea wote hadi kiwanjani, na kwa kufuata ramani ya kuazima tukachora ukumbi mzima ardhini kwa ukubwa wake halisi: kuta, milango, jiko, vyoo, jukwaa. Kisha akasema, haya, ingieni.

Ramani ya karatasi wanaielewa wachache. Mstari wa chokaa anauelewa kila mtu. Mama mmoja wa umoja wa wanawake alisimama mahali pa jiko, akalowanisha kidole, akasema upepo wa alasiri hapa unatoka bondeni, kwa hiyo moshi wote utaingia ukumbini katikati ya harusi. Bibi mmoja mwenye mkongojo aliuliza ngazi ni ngapi mbele, akaambiwa tano, akageuka akarudi zake chini ya mti. Wasichana wa kwaya walitembea kutoka ukumbini hadi vyooni, wakasema usiku hawatapita huko, ni nyuma na hapaonekani. Waashi walionyesha mawe yaliyotapakaa pembeni mwa kiwanja na kuuliza kwa nini tununue matofali hadi usawa wa madirisha.

Na vijana wa bodaboda waliuliza kuhusu mstari wa nje kabisa. Huo ulikuwa uzio. Ukuta wa tofali kuzunguka kiwanja chote, na geti moja. Wakauliza: "Sasa sisi tutakaa wapi?" Mzee mmoja akajibu kwamba uzio ni kwa ajili ya usalama, vifaa vya kwaya vimewahi kuibiwa. Imamu, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisema kwa upole kwamba watu wake wangependa kufanyia mikutano ya mazishi na ya shule katika ukumbi huo kwa kulipa kama wengine, lakini geti la kanisa likifungwa wao hawatagonga. Palikuwa kimya kwa muda.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba usanifu unaleta upendo. Usharika huu una mitaa miwili ambayo kwa miaka mingi imegombania mahali pa kujenga, na chokaa haikuwapatanisha. Jengo haliwezi kuwafanya watu wapendane. Linaweza kuwakutanisha kila siku bila kuwagharimu kitu, au linaweza kuhakikisha hawakutani. Tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi ni ngazi tano, mti mmoja, au upande mlango ulipoelekea.

Kilichobadilika, na gharama yake

Mbunifu alirudi na michoro mipya. Mlango mkuu sasa unatazama barabara na mwarobaini. Mbele yake ipo veranda pana yenye kiti cha mawe kilichoungwa na ukuta, urefu wote wa jengo, nje ya kufuli. Sakafu imeshushwa na ngazi zimekuwa mteremko mfupi. Jiko limehamia upande mwingine, vyoo vimesogezwa mahali panapoonekana. Sehemu ya chini ya kuta ni mawe ya pale pale.

Veranda haikuja bure. Ili bajeti isizidi, kamati iliondoa jukwaa la zege na nakshi za mbele, na kwaya ilinung'unika kuhusu jukwaa kwa majuma kadhaa. Muda nao uligharimu. Tuliwaandikia wahisani tukaeleza kwa nini msingi utachelewa, tukaambatanisha picha za watu wakitembea ndani ya mistari ya chokaa. Walituongezea miezi mitatu, wakaomba nakala ya picha waitundike kwao.

Michoro ilipitia njia halali: imesainiwa na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kibali kimetoka halmashauri. Tunasisitiza hili kwa sababu ushirikishwaji haumwondoi mtaalamu. Mama anajua upepo, fundi anajua jiwe, lakini mzigo wa paa unahesabiwa na aliyesomea.

Kuhusu nguvu kazi, mchungaji alitumia Nehemia sura ya 3 katika ibada ya Jumapili iliyofuata. Ni sura tunayoiruka kwa kuwa imejaa majina, lakini ndani yake wapo mafundi dhahabu, watengeneza manukato, na mtu aliyejenga pamoja na binti zake, wengi wakijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Wapo pia wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo. Tunavyosikia, kila mtaa unajua wakuu wake wa Tekoa ni akina nani. Mawe ya msingi yalisombwa kwa zamu na vikundi vya jumuiya, na kwa siku mbili vijana wa bodaboda walisomba mchanga bila kuombwa.

Kwa wahisani tuna ombi moja. Katika maombi ya miradi ya ujenzi, ruhusuni kifungu kidogo cha mazungumzo kabla ya ramani: nauli ya mbunifu, uchapaji wa picha, chokaa, uji. Ni kiasi ambacho kwa kawaida hukatwa kwanza bajeti inapobana, kwa kuwa hakiachi kitu cha kuwekea kibao cha jina. Na mnapokuja kutembelea miradi, msije siku ya uzinduzi tu. Njooni Jumatano ya kawaida, saa kumi jioni, muangalie nani amekaa.

Hadi tunaandika, kuta zimefika usawa wa linta. Suala la uzio bado halijaamuliwa. Kamati imeliahirisha hadi jengo litakapoezekwa, na wazee waliotaka geti hawajabadili msimamo. Wakati huo huo vijana wameanza kuegesha pikipiki zao chini ya mwarobaini, pale pale mstari wa chokaa ulipopita.